Uzi Mmoja, Mikono Mingi
(Hotuba kwa vijana katika maadhimisho ya mandiri yetu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya simu hizi tunazozishika mchana na usiku, na iwapo zaweza kuleta mabadiliko katika jamii. Jibu letu ni mfano mmoja ambao mwangwi wake umefika hadi pwani yetu.

Mjini Nakuru, nchini Kenya, mpiga picha James Wakibia alichoshwa na taka za jaa la Gioto. Hakuwa waziri wala mbunge. Alipiga picha za mifuko ya plastiki, akazitia mtandaoni, akaziunganisha kwa alama ya reli iliyodai mifuko hiyo ipigwe marufuku. Wakenya wengine wakaitumia alama ile ile. Hapo ndipo penye funzo: lalamiko la mtu mmoja husahaulika, bali malalamiko mengi yakifungwa kwa uzi mmoja huwa hoja ya taifa. Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Profesa Judi Wakhungu, aliiunga mkono kampeni hiyo hadharani, na tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza kutumika.

Mwaka uliofuata, huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, likavikwa rangi za ndara zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 lilitweka tanga, likashuka pwani hadi hapa Mji Mkongwe, na picha zake zikazunguka dunia. Tarehe 1 Juni mwaka huo Tanzania Bara nayo ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Hatudai kwamba jahazi ndilo lililoleta sheria. Twasema tu kwamba picha huandaa nyoyo za watu kuipokea.

Lakini Zanzibar ilikwisha kutangulia tangu mwaka 2006, na bado maji yakikupwa mbele ya Forodhani twaziona chupa na vifuniko. Basi sheria peke yake haitoshi, na picha peke yake haitoshi. Kuipenda picha mtandaoni hakuokoti chupa hata moja.

Na tuseme kweli tukiwa nyumbani kwetu. Baada ya sherehe zetu wenyewe, sahani na vikombe vya plastiki hujaza magunia. Twahimizana seva, nasi twawaachia wafagiaji wa mji mzigo wetu. Mama zetu walikuwa wakipakua chakula katika sahani za chuma, wakaziosha, wakaziweka kwa sherehe ijayo. Hawakupungukiwa na heshima.

Kwa hiyo twawaomba vijana mambo mawili. Diwali ijayo, zirudisheni sahani za chuma, nasi wazee tutaziosha pamoja nanyi. Kisha shukeni pwani pamoja na vijana wa misikiti na makanisa ya jirani, mpige picha kabla ya kusafisha na baada yake, mzitume pamoja na jina la mahali na tarehe, ili mwenye dhamana ajue pa kuanzia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Simu na ituite. Mikono ndiyo itakayofanya kazi.