Kabla ya Kuchimba Msingi

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

 

Vikundi vyetu vingi vinaweka akiba ili vinunue ploti mjini na kujenga nyumba za kupangisha. Ni jambo jema. Na kabla ya kulipa tunauliza: maji yako karibu? Barabara je? Hati ni ya nani? Lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza, chini ya ploti hii kuna nini?

Hebu niwaeleze yaliyotokea New York, Marekani. Mwaka 1990 serikali ya huko ilinunua kiwanja katikati ya mji ili ijenge jumba la ofisi la ghorofa 34. Ramani ya miaka ya 1750 ilionyesha wazi kwamba pale palikuwa na makaburi ya Waafrika, watumwa na watu huru. Wapimaji waliiona. Lakini walifikiri kwamba majumba yaliyojengwa pale baadaye, yenye vyumba chini ya ardhi, yalikwisha haribu makaburi yote.

Kumbe sivyo! Pale palikuwa bonde, na watu wa zamani walikuwa wamelijaza udongo, mahali pengine kufikia futi 25. Vyumba vile havikufika makaburini. Mwaka 1991 uchimbaji ulipoanza, watu wakaanza kuonekana: wanaume, wanawake na watoto wengi. Waliotolewa ni 419. Makaburi mengine yaliharibiwa na kazi ya ujenzi.

Watu weusi wa mji ule hawakunyamaza. Walikesha pale kiwanjani, wakapeleka malalamiko mpaka bungeni. Julai 1992 uchimbaji ukasimamishwa. Jumba lilijengwa, lakini sehemu ya kiwanja ikaachwa. Wale marehemu walizikwa tena papo hapo Oktoba 2003, na tangu 2006 ni mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Mnaona? Ramani ilikuwapo. Kosa lilikuwa kudhani bila kupima.

Na msiseme hayo ni ya Marekani tu. Mombasa, miaka ya 1970, wataalamu walichimba katika eneo la hospitali kuu wakakuta mabaki ya mji wa kale kuliko Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593.

Sasa, mji ukitaka kubomoa na kujenga upya, au kikundi kikinunua ploti ya zamani, tufanye nini?

1. Tutafute ramani na maandishi ya zamani ya mahali pale.

2. Tuwaulize wazee. Palikuwa na kisima? Msikiti? Makaburi? Soko?

3. Tutembee kiwanjani polepole. Vigae vya vyungu, majivu na mawe ya kuta ni dalili.

4. Tuangalie ni wapi pamekwisha chimbwa na ni wapi pamejazwa udongo. Udongo wa kujaza huficha, tena hulinda.

5. Dalili zikiwapo, wataalamu wachimbe mashimo machache ya majaribio. Sio sisi na majembe yetu!

Baada ya hapo ndipo uamuzi. Kama hakuna kitu, jengeni. Kama kipo, pengine msingi unaweza kusogezwa, au pachimbwe kwa utaratibu kwanza, au paachwe kabisa. Na ukikuta kitu cha kale, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakutaka uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.

Mwingine atasema, "Hiyo ni gharama." Ni kweli. Lakini kuuliza mapema ni nauli ya matatu na siku chache. Kuuliza wakati fundi yuko kazini na mkopo unadai riba, hiyo ndiyo hasara. Na mifupa ya mtu ikishavunjwa, hakuna mweka hazina wa kuirudisha.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

- Ni nani hapa kwetu anayejua mji wetu ulivyokuwa zamani? Tumewahi kumwuliza?
- Tukikuta makaburi kwenye ploti yetu, ni nani atakayeamua?
- Ploti tunayoitaka sasa: tutaanza na hatua gani wiki hii?