Mkanda Usiolia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kithimani)



Wengi wetu hapa Kithimani, tukiweka akiba, twanunua motokaa iliyokwisha tumika ng'ambo, ichukue abiria au maembe kwenda Thika. Akiba ya miaka mingi imo katika injini hiyo. Basi na tusemezane juu ya mikanda yake.

Sisi wa reli tulikuwa na desturi: treni ikisimama, mtu alipita akigonga magurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa sauti mbovu.

Mkanda wa feni ni kama gurudumu hilo, hutoa habari. Ukilegea hulia injini ikiwashwa. Ukichakaa huonyesha nyufa na nyuzi. Ukionyesha hayo, ubadilishwe.

Lakini mkanda wa taiming, ule uliofunikwa mbele ya injini, waweza kukatika bila kulia hata mara moja. Katika injini nyingi, hasa za dizeli, ukikatika pistoni hugonga valvu, na injini huharibika. Mkanda huu hausikilizwi, huhesabiwa. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT, ambayo mara nyingi huwaka kilometa zikifika 100,000. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu mwendo tu. Tena mpira huzeeka hata gari likilala, kwa hiyo tufuate pia miaka iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Na mita ya gari kuukuu yaweza kuwa imerudishwa nyuma. Kama hakuna karatasi ya kuthibitisha ulibadilishwa lini, tuuhesabu kuwa umekwisha.

Fundi akifungua, abadilishe pamoja tenshena na beringi zake, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo. Kazi ya kufungua ni ile ile, na beringi mbovu huua mkanda mpya. Kisha tuandike tarehe na kilometa, karatasi ibandikwe chini ya boneti.

Injini nyingine, kama za Probox nyingi, zina mnyororo. Hizo zataka oili safi kwa wakati wake. Tujue kwanza tunayo ipi, ndipo tutoe fedha.

Ndugu, kusema "bado linatembea" si jibu. Swali ni hili: limetembea kilometa ngapi tangu mkanda ule ufungwe?