Kutoka "Nitaandika" hadi "Huandika": Ada ya Uandishi na Utulivu wa Fikra



Kiswahili kina kiambishi kidogo ambacho aghalabu tunakipitia haraka darasani: hu- cha mazoea. Tukisema "niliandika" au "nitaandika", kitenzi hubeba nafsi na wakati. Tukisema "huandika", kiambishi cha nafsi hakipo, wala hakuna jana au kesho. Kinachobaki ni tendo lililokwisha kuwa ada. Hoja yangu leo ni kwamba mwandishi hupatikana pale anapohama kutoka "nitaandika" hadi "huandika".

Tasnifu na miswada mingi hufia katika "nitaandika". Mwanafunzi husubiri likizo, mwalimu husubiri kumaliza kusahihisha mitihani, mshairi husubiri moyo umtume. Wote huamini kwamba utulivu wa fikra hutangulia kuandika. Kwa mtazamo wangu, utulivu huo ni zao la ada yenyewe. Akili iliyozoea kuitwa mezani kila alfajiri huanza kujikusanya kabla ya kuitwa.

Mathalani, tumtazame Shaaban Robert (1909–1962). Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, na baadaye alitumikia idara nyingine za serikali ya kikoloni. Hata hivyo aliacha mashairi, riwaya, insha na tawasifu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaohusu vita vya 1939 hadi 1945 na uliochapishwa mwaka 1967, una yapata beti 3,000. Idadi hiyo inatisha mpaka tuigawe: kwa siku za miaka 6 ya vita, ni chini ya beti 2 kwa siku. Beti 2 za utenzi ni mishororo 8 yenye mizani 8 kila mmoja. Karani aliyetoka kazini aweza kuubeba mzigo huo, mradi aubebe kila siku.

Wako watakaouliza: je, ada haiui ubunifu? Arudhi yetu inajibu. Vina na mizani ni ada pia, na mshairi aliyekwisha kuzizoea hahesabu tena kwa vidole. Fikra yake yote huielekea maana. Vivyo hivyo, mwenye saa maalumu ya kuandika hapotezi nguvu kujadiliana na nafsi yake kama aandike au asiandike.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi mambo matatu. Kwanza, jiwekeeni muda badala ya kurasa. Nusu saa isiyokosekana hushinda siku nzima ya mara moja kwa mwezi. Pili, tengeni saa ya kubuni na saa ya kuhariri, maana mhariri akiingia mapema humnyamazisha mbunifu. Tatu, mnapoinuka, acheni sentensi mnayojua itakavyoishia, ili kesho mpate pa kuanzia.

Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukafurahi kwa haki. Lakini lugha ya taaluma hukuzwa na kurasa zilizokamilika, na kurasa hizo zinawasubiri ninyi mlioketi humu. Kabla hamjalala usiku huu, chagueni saa yenu ya kesho.