Wanafanana Lakini Si Wamoja: Wakazi wa Tumbo na Kipimo cha Jeni

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Port Victoria, baada ya swala ya Alasiri)



Mwezi huu tumbo tunalinyima mchana na kulijaza magharibi. Leo naomba tuwazungumzie wale wanaoishi ndani yake.

Je, wajua kwamba mwilini mwako mna bakteria takriban trilioni 38, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana? Usishtuke. Wengi ni marafiki. Wanatusaidia kusaga mboga, wanatengeneza vitamini K, na wanaziba nafasi ili wabaya wasipate pa kukaa. Shida ni kuwatambua. Wengi hufa wakiguswa na hewa, kwa hiyo hawaoti kirahisi maabara. Na wanaoota wanafanana mno.

Mchukue bakteria aitwaye E. coli. Karibu kila mmoja wetu hapa anaye na hamdhuru. Lakini ana ndugu yake mwenye jeni ya kutengeneza sumu, anayemharisha mtoto maji matupu mpaka macho yanaingia ndani. Waweke wote wawili chini ya darubini, huwezi kuwatofautisha. Wahenga walisema, ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka.

Basi wanasayansi walifanyaje? Waliacha sura, wakasoma ya ndani. DNA ni nyuzi mbili zenye herufi nne: A hushikana na T, na C hushikana na G. Ukitengeneza kipande kifupi cha uzi mmoja, herufi zake zikilingana na zile za jeni ya sumu, kisha ukakitia alama, kitanasa pale tu jeni hiyo ilipo. Isipokuwepo, unakiosha kinakwenda zake. Mwaka 1980 Stanley Falkow wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba E. coli mwenye sumu anakamatwa kwa njia hii.

Jambo hili halikubaki ng'ambo. Kati ya 2007 na 2011 watoto wa chini ya miaka 5 walichunguzwa katika nchi 7 kuhusu ugonjwa wa kuhara. Kenya ilikuwemo, tena ni hapo jirani tu, upande wa Siaya. Kwa vipimo vya kwanza, chanzo kilijulikana kwa karibu nusu ya maradhi yale. Sampuli zilipopimwa upya kwa jeni, matokeo ya mwaka 2016 yalifikia karibu 9 katika kila 10. Na aliyeongoza alikuwa bakteria Shigella.

Utauliza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana! Mtoto akiharisha, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa: "Nipe Flagyl." Dawa hiyo inaua amiba na jiadia. Haimwui Shigella, haimwui E. coli, wala haiui kirusi cha rota. Inaowaua ni wengi wa wale marafiki. Umempiga mpangaji mwema, mwizi yumo ndani, na mtoto anazidi kukauka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimtibu mtoto kwa kubahatisha. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) tangu choo cha kwanza cha maji, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya akapewe na zinki ya siku 10 hadi 14. Ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho. Chanjo ya rota imo katika ratiba ya watoto Kenya tangu 2014. Hakikisha wako ameipata.

Na maji je? Maji ya ziwa pale Marenga yanaweza kung'aa kama kioo. Mto Nzoia unapofurika, uchafu wa vyoo huingia hadi visimani. Chemsha au tia dawa. Kabla hujakata matunda ya futari, nawa kwa sabuni.

Mwisho, anayeharisha sana asione haya kufungua. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine.