Kuwa Pale Ulipo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazazi, Lugarawa)



Ndugu wapenzi, wazazi na walimu wenzangu, nimeombwa niseme maneno machache juu ya maisha yetu ya siku hizi, jinsi mtu awezavyo kukaa kwa utulivu, na kutosheka na machache, na kuiweka akili yake juu ya kazi iliyo mbele yake. Nilipopewa kazi hii nilicheka kidogo moyoni, maana katika walimu wote wa huku mimi ndimi niliyestahili kuambiwa maneno hayo, wala si kuyasema. Walakini wahenga walinena, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi nasema kama mtu aliyekwisha kuumwa.

Kwanza nataka kuondoa kosa moja. Wako watu ambao wakisikia habari ya maisha ya utulivu, mara huanza kuisifu zamani, kana kwamba babu zetu wa Upangwa walikaa peponi. Hawakukaa peponi. Mama zetu walipika katika moshi hata macho yakawa mekundu. Mgonjwa alichukuliwa machelani milima na mabonde, na mara nyingine wachukuzi walifika naye akiwa amekwisha kufa. Mtoto aliyetaka kusoma usiku alisoma kwa koroboi, na asubuhi pua zake zilikuwa nyeusi kwa masizi. Siku hizi maji ya mto Madope, yaliyokuwa yakiporomoka bure tangu kuumbwa kwa milima hii, yamefungwa katika bomba na kuzungusha mashine ya yapata megawati 1.7, na katika vijiji vyetu taa zinawaka. Nani atasema turudi kwenye koroboi? Mimi sisemi.

Na simu vivyo hivyo. Mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2008, mwaka ulioanza M-Pesa katika nchi yetu. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya mbali alifunga fedha katika kitambaa, akampa dereva wa basi, akakaa akiomba Mungu dereva awe mwaminifu. Siku hizi karo hufika kabla uji haujapoa. Kwa hiyo mtu asiondoke hapa akisema mwalimu amelaani simu na umeme. Sijavilaani. Nami ninayo simu, imo mfukoni mwangu sasa hivi, lakini nimeizima, na aliye na yake nampa nafasi aizime.

Basi, ikiwa vyombo ni vyema, shida ni nini? Shida ni kwamba mtu wa siku hizi amegawanyika. Mwili uko Lugarawa, macho yako Dar es Salaam, masikio yako Marekani, na mkono unakoroga ugali. Mtu wa namna hiyo hayuko mahali po pote.

Mnamjua mgema wa ulanzi. (Juu ya kunywa sitasema, Padre yupo hapa, naye atalisema siku yake.) Mvua zikifika, na machipukizi ya mianzi yakichomoza, mgema hukata ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, akakinga mbeta, utomvu ukadondoka. Asubuhi hurudi, akachonga kipande chembamba. Jioni hurudi tena, akachonga. Akichonga kinene mno huliharibu chipukizi. Asipochonga, jeraha hukauka na utomvu hukoma. Hawezi kuichonga mianzi ya jana leo, wala hawezi kuichonga leo mianzi ya kesho. Kazi yenyewe humfundisha kuwa pale alipo. Mimi nimemwona mgema mzee, asiyejua kusoma hata herufi moja, amesimama mbele ya mwanzi kwa muda mrefu, akitazama tu, kabla ya kuinua kisu. Nikajiuliza, mimi mwenye cheti, ni lini mara ya mwisho nilipomtazama mtoto mmoja wa darasa langu kwa muda kama huo?

Tena kumbukeni ya kuwa watu wa nchi hii walikuwa wayeyusha chuma. Mawe ya chuma yamo milimani mwetu hata leo, Liganga yajulikana na wote. Wazee walijenga tanuru za udongo, wakayeyusha mawe hayo, wakafua majembe. Na jembe lilikuwa mali kweli kweli, hata mahari ililipwa kwa majembe. Nyumba yenye majembe machache ililijua kila jembe, lipi zito, lipi la mama, lipi lenye mpini uliolegea. Leo nyumbani kwangu ninavyo vitu vingi ambavyo sijui vilifikaje. Juzi nilifungua sanduku nikakuta chaja nne za simu ambazo zilikwisha kufa zamani. Nimezitunza za nini? Sijui.

Hapo tumefika kwenye neno la kutosheka, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo walimu wengi tunapoumia. Si chakula wala nguo za watoto vinavyotutia katika deni. Watu wa milima hii wanalima mahindi, maharage na viazi, na siku hizi wengi wamepanda maparachichi. Deni linatoka kwa kutaka kitu kilekile alicho nacho mwenzako, na kukitaka leo. Mimi nilikuwa na simu nzuri, ikasikika, ikaandika. Nikaona mwenzangu ana kubwa zaidi yenye kupiga picha. Nikakopa kwa njia ya simu ile ndogo ili ninunue simu kubwa. Mkopo wenyewe ulikuwa rahisi kama kuteleza matopeni. Hapana mdhamini, hapana safari, wabonyeza tu. Halafu siku za kulipa zilipopita kidogo, wakaanza kuwapigia watu waliomo katika simu yangu, mmoja mmoja, wakiwaambia mimi ni mdaiwa. Walimpigia mkwe wangu. Walimpigia mzee wa kigango. Nilitembea njiani nikiinamisha kichwa.

Baadaye nikajua kwamba sikuwa peke yangu. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu, zilizokuwa zikifanya kazi hiyo pasipo leseni. Sitini na tisa! Na watu huita mikopo ya namna hiyo “kausha damu”, jina ambalo halihitaji mwalimu wa kulieleza. Serikali yaweza kuwafunga wakopeshaji wabaya, na ni vema. Lakini ile tamaa iliyonifanya nibonyeze haikuwamo katika orodha ya Benki Kuu. Ilikuwa ndani yangu.

Nawakumbusha pia mwalimu mmoja ambaye nchi nzima humwita kwa jina hilo la kazi yetu. Julius Nyerere aliiacha kazi ya kufundisha huko Pugu mwaka 1955, akaingia katika mambo makubwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Watu wanaweza kubishana juu ya mashamba ya ujamaa na juu ya kuhamishwa vijijini, nami ninayo maoni yangu, si ya leo. Lakini alipotoka katika urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Kwa mtu aliyeshika nchi nzima mkononi, kurudi shambani si jambo dogo.

Sasa nirudi kwenye kengele.

Wamisionari wetu walitoka Peramiho, ambako Wabenedikto walifika mwaka 1898, nao walikuja na kengele. Kwa nini kengele? Mtakatifu Benedikto, alipoandika Kanuni yake kule Italia katika karne ya 6, aliagiza ya kuwa ishara ya sala ikisikika, mmonaki aache mara moja kitu alicho nacho mkononi, hata kama hakijaisha. Tena aliagiza ya kuwa mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya nyumba, hata majembe na sufuria, kana kwamba ni vyombo vya altare. Nikafikiri sana juu ya amri hizo mbili. Moja yasema, acha kazi. Ya pili yasema, iheshimu kazi na vyombo vyake. Zamani niliona zinapingana, sasa naona hazipingani. Aishikaye kazi yake kwa moyo wote ndiye awezaye kuiacha kwa moyo wote. Aishikaye nusu haiachi kamwe, anaiburuta usiku kucha.

Mtu aweza kuniambia, “Mwalimu, simu nayo ni kengele, inaita vilevile.” La, si vilevile. Kengele huwaita watu wote waende mahali pamoja, kisha hunyamaza. Simu humwita mmoja, ikamtoa katikati ya wenzake, wala hainyamazi. Na kengele ina saa zake. Hajatokea mtu aliyeamshwa na kengele ya kanisa saa nane ya usiku ili aambiwe habari za Simba na Yanga.

Na kwa kuwa nimezitaja Simba na Yanga, sharti niseme lile ambalo nilikuwa nikilizungukazunguka tangu nilipoanza.

Siku moja ya Ijumaa, baada ya masomo, nilikuwa nimeketi ofisini peke yangu. Mbele yangu madaftari, na juu ya madaftari simu. Akaja msichana wa darasa la sita, akasimama mlangoni, akasema, “Mwalimu, nina neno.” Nikasema, “Subiri kidogo.” Nilikuwa nikisoma watu wakitukanana juu ya mpira uliochezwa siku iliyotangulia. Mpira wenyewe sikuutazama, nilikuwa nasoma matusi tu. Akasubiri. Akasema tena, “Mwalimu.” Nikainua mkono hivi, bila kuinua macho. Mara ya tatu sikusikia sauti, nikasikia miguu ikiondoka. Nikajisemea, atakuja Jumatatu.

Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Wenzake wakasema, mjomba wake amempandisha basi Jumamosi alfajiri, kwenda Njombe, hata Makambako, na toka Makambako kwenda Dar es Salaam, kufanya kazi za nyumbani. Ninyi wazazi mnaijua njia hiyo. Binti wangapi wa milima hii wamepita pale Makambako, na mfuko wa plastiki mkononi, wakiangalia barabara? Nilipeleka habari kwa wakubwa wa kijiji, lakini mjomba alikuwa amekwisha kuondoka, wala namba yake haikupatikana.

Nikaenda kwa mama yake. Nilimkuta anapura maharage. Hakunigombeza. Alisema tu, “Alisema atakwenda kukuambia wewe, maana mjomba wake anakuheshimu. Kumbe hakuja?”

Nikasema, “Alikuja.”

Mama akaendelea kupura. Nilisimama pale, sikujua mahali pa kuweka mikono yangu.

Tangu siku ile sisi walimu tumefanya mpango. Baba wa mwanafunzi mmoja alitusukia kapu la mianzi, nasi tumeliweka kando ya mlango wa ofisi. Saa ya kuingia darasani simu zote huingia katika kapu hilo, ya mkuu wa shule kwanza, hata saa ya mapumziko. Atakaye kutupigia kwa jambo la haraka, kama ugonjwa au msiba, yuko mwalimu mmoja wa zamu mwenye kupokea. Juma la kwanza lilikuwa gumu. Mwenzetu mmoja alisema mkono wake unakwenda mfukoni wenyewe, kama mkono wa mlevi utafutao kikombe. Juma la tatu tulianza kuzungumza wakati wa chai. Tuligundua ya kuwa mmoja wetu alikuwa na mke mgonjwa kwa miezi miwili, na sisi tulioketi naye meza moja kila siku hatukujua.

Nanyi wazazi sina amri ya kuwapa, maana nyumba ni zenu. Nawaomba kitu kimoja tu, jioni mnapozunguka moto na baridi ya mwezi wa Juni, mtoto akisema “Baba” au akisema “Mama”, kiwekeni chini kilichomo mkononi, kiwe simu, kiwe kikombe, hata kama neno lake ni la kipuuzi. Maneno ya kipuuzi ndiyo hutangulia. Mtoto akiona yale yamepokelewa, ndipo huleta lile kubwa. Msichana wangu yule hakuwa na nafasi ya kutanguliza dogo, alikuja na kubwa moja kwa moja, na mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba hakuwamo.

Alirudi baada ya miaka miwili. Nilimwomba aingie tena darasani, akasema amekuwa mkubwa kupita madawati. Sasa auza maharage na viazi sokoni. Mwanzoni nilikuwa nikipita upande wa pili. Siku ya soko iliyopita alinipungia mkono, akaniita, “Mwalimu, nina neno.” Nikaenda, nikasimama mbele ya meza yake, nikamwambia, “Sema, mwanangu.” Akaniambia kwamba maharage yamepanda bei, lakini mimi ataniuzia kwa bei ya zamani. Nikanunua debe moja.