Pingili ya Jirani: Elimu ya Kilimo Inavyosafiri Musoma, Bunda na Butiama



Anayetaka kujua elimu ya kilimo inapita njia gani katika vijiji vyetu, na afuate mbegu ya muhogo. Mbegu bora ya mahindi hununuliwa dukani, na mfuko wake una maelezo. Muhogo una mambo yake. Ekari moja, kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, inahitaji pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, kama 4,000. Mzigo huo ni mkubwa na hukauka upesi, kwa hiyo mkulima huomba kwa jirani, kwa shemeji, au kwa mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA). Mwanamke aliyeolewa mbali hurudi kwao kusalimia na kuondoka na mzigo wa vijiti. Anayempa humwelekeza palepale: huu ni mchungu, ufanye udaga, ule mwingine unakomaa mapema, huu usiupande bondeni kwenye maji. Darasa ndilo hilo, na mara nyingi mwalimu wake ni mwanamke.

Wenzetu wa Marekani waliliona jambo hili zamani. Utafiti wa Bryce Ryan na Neal Gross kuhusu mahindi chotara huko Iowa, uliochapishwa mwaka 1943, ulionyesha kwamba wauzaji ndio waliowapa wakulima wengi habari za kwanza, lakini waliochelewa kuanza walishawishiwa zaidi na majirani.

Sasa nije kwenye linaloniumiza. Njia hiyohiyo ya upendo ndiyo inayobeba ugonjwa. Ugonjwa huo, michirizi ya kahawia ya muhogo, huenezwa na nzi weupe, lakini huvuka kutoka kijiji hadi kijiji ndani ya pingili. Shina linaweza kuonekana zima na majani yakawa na kasoro ndogo tu, kumbe mizizi imeoza. Mama anagawa mbegu kwa moyo mweupe, na baada ya miezi kumi na kitu aliyepewa anachimba, anakata muhogo kwa panga, anakuta mabaka makavu ya kahawia, na muhogo huo haufai hata kwa udaga.

Jawabu letu limekuwa mkutano wa kijiji na shamba darasa la mkulima bora. Mkulima huyo huchaguliwa kwa ukubwa wa shamba au kwa ukaribu wake na ofisi ya kijiji, na sura ni zilezile kila mradi unapokuja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapokosea. Afisa ugani apite kaya kwa kaya akiuliza swali moja: msimu uliopita mbegu ya muhogo uliipata kwa nani? Majina yatakayojirudia ndiyo ya walimu halisi wa kijiji, na huenda baadhi yao hawajawahi kuitwa semina hata mara moja.

Hao ndio wapelekewe kwanza mbegu safi kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru na kwa wazalishaji waliothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Wafundishwe pia kuchimba mashina kadhaa na kuikata mizizi mbele ya mwombaji kabla ya kumpa pingili. Zoezi hilo halina gharama zaidi ya panga na muda.

Naziomba halmashauri zetu zianze kukusanya majina hayo mwaka huu, kabla ya mvua za vuli, maana zikishanyesha pingili zitakuwa zimeshagawiwa.