MASHUA ILE ILE, BAHARI ILE ILE
(Neno lililotolewa kwa ushirika siku ya maadhimisho)

Nimepewa dakika chache kabla ya chakula, basi nitawapa habari ya mashua moja tu.

Mwaka 1914 Ernest Shackleton, mzaliwa wa Ireland, aliondoka Uingereza akitaka kulivuka bara la Antaktika. Hakulivuka. Januari 1915 meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu, ikabanwa miezi mingi, na Novemba ikazama. Watu 28 na mashua tatu! Aprili 1916 wakafika Elephant Island, kisiwa kisicho na mkaaji wala mti.

Nani angewatafuta pale? Hakuna. Kwa hiyo tarehe 24 Aprili Shackleton alichukua watu watano, wakaingia mashua James Caird, isiyofika hata mita 7, kwenda South Georgia, kama maili 800. Seremala aliifunika kwa mbao na turubai. Wakatia mawe chini isipinduke. Frank Worsley, aliyeongoza njia, alilipata jua mara nne tu la kupimia walipo. Angekosea, wangekipita kisiwa. Tarehe 10 Mei wakatua, lakini upande usio na watu. Basi watatu wakavuka milima kwa saa 36, wakiwa na kamba, tezo ya seremala, na skrubu kwenye soli za viatu.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2013 Tim Jarvis na wenzake watano waliirudia safari hiyo. Walichongewa mashua kama ile, wakaiita Alexandra Shackleton, jina la mjukuu wa mzee mwenyewe. Nguo za sufi na pamba, chakula cha mafuta na nyama kavu, na kulitafuta njia kwa jua na dira. Wakafika! Ila wengine miguu iliharibika kwa baridi na maji, milima hawakuiweza.

Mtu atauliza, faida yake nini, na injini zipo? Faida ipo. Kusoma kwamba wazee walilowa ni kitu kimoja. Kukaa umelowa usiku kucha, magoti yamegusa kidevu, ni kingine. Baada ya hapo huwezi kuwataja wazee kwa wepesi.

Lakini kuna kitu Jarvis hakuweza kukichonga. Nyuma yake palikuwa na meli ya kumwokoa ikibidi. Na kule kisiwani hakuacha mtu. Shackleton aliacha watu 22, wamelala chini ya mashua mbili zilizofunikwa kifudifudi. Frank Wild, aliyeachiwa usimamizi, aliwaamuru kila asubuhi wafunge mizigo, maana huenda mkubwa akaja leo. Zaidi ya miezi minne! Shackleton alijaribu mara tatu, barafu ikamrudisha. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti 1916, meli Yelcho ya Chile ikafika. Wote 22 walikuwa hai.

Baadaye Shackleton aliandika kwamba kule milimani mara nyingi aliona kama wako wanne, si watatu. Sisi tunaowajua vijana watatu wa tanuru la moto, hiyo haitushangazi.

Mchana huu vijana wetu wataigiza waanzilishi: makoti ya zamani, baiskeli, ngoma. Igizeni vizuri, tutapiga makofi. Ila wazee wale walivuka mto kwa sababu ng'ambo kulikuwa na watu waliowaahidi kurudi. Mwambie jirani yako: nani anakungoja? Yapo matawi ng'ambo ya mpaka tuliyoyaambia tutarudi. Huenda hata leo asubuhi wamefagia na kupanga mabenchi.

Kabla hatujaenda kula, kila mchungaji ataje tawi moja, na katibu aandike tarehe.

Amina.